Baiskeli, Mwambie Mwenyewe

Emali,
Jumapili alasiri, mwezi wa tisa, 1996

Mama mkwe,

Maneno hayo mawili ndiyo ya kwanza kukuelekezea bila kuyapitisha kwa mtu mwingine, kwa mbuzi au kwa chombo. Kwa miaka ishirini na mitatu nilikuwa mume wa binti yako Mwikali na wewe ukiwa hai, na sikuwahi hata mara moja kukuambia "wewe". Ulipofariki mwaka 1991 nilisimama nyuma ya wanaume wenzangu, mbali na kaburi, kama nilivyotakiwa kusimama. Leo nimeamua kukuandikia waziwazi, na wengine wasome wakitaka, kwa sababu nimepata kitu ndani ya shajara zangu na sina njia nyingine ya kukifikisha huko uliko.

Ilianza Jumanne iliyopita. Mpima ardhi kutoka makao ya wilaya alikuja stoo ya nafaka ninakofanya kazi ya ukarani wa mizani. Alikuwa na ramani ya mji, akaitandaza juu ya gunia la kunde.

"Mzee, nisaidie," akasema. "Barabara ya Mombasa imenyooka. Reli imenyooka. Vibanda vimefuata mstari. Sasa hii njia ya nyuma, inayozunguka uwanja wa mifugo, inapita chini ya reli pale kwa kalvati la maji, halafu inarudi tena huku stoo. Nani aliichora?"

"Baiskeli," nikamwambia.

Akacheka. "Baiskeli hutafuta njia fupi. Hii ni ndefu mara mbili."

Nikamwambia arudi siku nyingine, niangalie tarehe. Unajua nina sanduku la shajara, moja kwa kila mwaka tangu nimalize kidato cha nne. Mwikali aliniambia zamani kwamba ulimpa pole kwa kuolewa na mwanaume anayeandika hata siku ambayo mvua haikunyesha.

Basi nikafungua sanduku kutafuta njia ilianza lini. Lakini mimi najijua: nilikuwa natafuta kitu kingine pia. Kuna swali nimetembea nalo tangu mwezi wa nane, 1974. Siku ile, nilikukosea? Ndilo swali lote. Kila nilichoandika hapa kinakwenda kwake.

Wale wasio wa kwetu watauliza kwa nini mwanaume mzima azunguke mji. Kwetu Ukambani, mwanaume na mama wa mke wake hawakutani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani na kugeuza mgongo mpaka mwenzake apite. Tunaita nthoni, aibu na heshima ndani ya neno moja. Kanisani tulifundishwa kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, lakini kanisani hapo hapo wanaume walikaa upande mmoja na wanawake upande wa pili, kwa hivyo mimi na wewe hatukupata shida hata Jumapili moja.

Kwa miguu, desturi hii haina ugumu. Mtu anakuja polepole, unamwona toka mbali, unaacha njia. Waliotuachia hawakuwa wamefikiria magurudumu. Mwaka 1969 nikanunua baiskeli.

Nyumba yetu iko juu ya mlima, boma lenu liko chini yake kwenye mteremko, na njia ilipita katikati ya nyua mbili za mkonge, upana wa mtu mmoja na mzigo wake. Hakuna aliyeipima kwa ajili ya mtu anayeshuka kwa kasi na breki za kubahatisha. Wiki ya kwanza tu, Ijumaa, nikakata kona na wewe hapo mbele yangu, na kuni mgongoni. Sikuwa na muda wa kufikiri. Nikajitupa kushoto, ndani ya miiba ya mgunga, mimi upande huu na baiskeli upande ule. Nilipotoa kichwa, ulikuwa tayari umegeuza mgongo, umesimama wima, kuni ziko palepale. Gurudumu la mbele lilikuwa bado linazunguka, na upepo unatoka: sssss.

Ndipo uliposema, bila kugeuka, "Wee baiskeli. Una haraka gani? Umemwangusha mwenyewe."

Nilikaa kwenye miiba nikijiuliza kama nijibu. Ulikuwa umezungumza na baiskeli, si na mimi. Hakuna sheria iliyovunjwa. Nikasema polepole, "Baiskeli, mwambie mama pole."

"Baiskeli, mwambie mwenyewe anunue kengele," ukasema, ukaenda zako.

Shajara ya jioni ile inasema: *Pancha ya mbele. Miiba saba mkononi. Kununua kengele.* Sikuandika kwamba nilicheka njia nzima nikisukuma baiskeli mpaka mjini.

Kengele nilinunua. Tukawa na mpango ambao hatukuwahi kuupanga: nikikaribia kona napiga mara moja kwa watu wote, na mara mbili kwa ajili yako. Ukiwa karibu unakohoa. Nikisikia kikohozi nashuka, nageuka, unapita. Na mara nyingi ulipopita ulikuwa na neno kwa baiskeli. "Baiskeli, mnyororo wako unalia kama mbuzi mwenye njaa." "Baiskeli, mwambie mwenyewe mke wake amekonda, amletee maziwa." Siku moja nilipovaa suruali mpya: "Baiskeli, leo umembeba bwana harusi ama karani?" Naye Mwikali nyumbani akawa ananiuliza, "Baiskeli imesikia nini leo?"

Tangu hapo nikaanza kuangalia baiskeli kwa macho ya udadisi. Niligundua kwamba maili sita kutoka nyumbani mpaka stoo si maili sita. Niliandika mwaka 1970: *Leo maili sita, wazee wanne.* Huwezi kumsalimia mzee ukiwa juu ya tandiko. Ni kama kumsalimia ukiwa juu ya mti. Unashuka, unashika mkono, unauliza habari za ng'ombe, unasukuma hatua chache kwa adabu, ndipo unapanda. Kila mzee dakika tano. Mwenye haraka hatafuti njia fupi. Anatafuta njia isiyo na wazee. Wanawake hawakupanda kabisa. Hakuna aliyewakataza kwa maneno, lakini baiskeli zote zilikuwa na chuma kile cha juu kilichotengenezwa kwa mtu mwenye suruali, na maji na kuni na mbaazi zilikuwa na punda, au mgongo wa mtu. Niliwahi kutumwa Kitui mjini wiki mbili kujifunza mizani mpya, nikaona huko mji umekaa juu, watu wanasukuma baiskeli kwenda kazini na kuteremka kurudi, kwa hivyo kila mtu anafika kazini amechoka na nyumbani anacheka. Niliandika kurasa tatu juu ya jambo hilo. Sijui nilifikiri atasoma nani.

Mji wetu ulikuwa na shida yake. Barabara kuu na reli vinapita sambamba na kuukata mji vipande viwili. Huku kuna soko, kule kuna stoo na zahanati, na kwa magurudumu pa kuvukia ni mahali pamoja tu, geti la reli karibu na stesheni. Na hapo hapo getini, siku ya soko, ndipo wanawake wa mboga walipokaa, kwa sababu kila mtu lazima apite. Wewe ulikaa wa tatu kutoka kwenye nguzo, na mbaazi zako na nyanya. Ningepitaje? Mbele yako, juu ya baiskeli, kengele ikilia mara mbili, na wewe ukohoe mbele ya wateja, utoke mbio uache bidhaa?

Kwa hivyo siku za soko nilipita nyuma ya uwanja wa mifugo, nikashuka kwenye korongo, nikapita ndani ya kalvati nimeinama, baiskeli begani, nikatokea nyuma ya stoo. Mwezi wa kwanza nilikuwa peke yangu. Mwezi wa pili nikaona alama za tairi zisizo zangu. Nikawauliza waliokuwa wakipita. Mmoja alikuwa na mkwe kama mimi, muuza ndizi. Mwingine alimwogopa mzee wa kanisa aliyekuwa na duka getini, kwa sababu ya harufu ya pombe kinywani mwake mwenyewe asubuhi. Wa tatu alisema malori ya Mtito Andei yanamtisha, lakini baadaye niliambiwa kwamba baba yake alikuwa fundi viatu pale pale kwa nguzo na hawakuwa wakizungumza. Kila mtu alikuwa na mtu wake upande ule. Ndivyo njia ya nyuma ilivyozaliwa. Mpima ardhi nitamwambia hivyo, ingawa sijui ataiandikaje kwenye ramani.

Sasa nafika siku yenyewe.

Jumatano, mwezi wa nane, 1974, siku ya soko. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikateremka kama kawaida. Kwenye kona nikapiga kengele mara mbili. Sikusikia kikohozi, nikajua umeshatangulia sokoni. Nikakanyaga pedali. Halafu nikasikia, kutoka ndani ya shamba, sauti ndogo:

"Baiskeli."

Nikashuka, nikageuka mgongo kama inavyotakiwa.

"Baiskeli, mwambie mwenyewe aite mtu. Nimeumwa na nyoka."

Ulikuwa umeamka kuchuma kapu la mwisho la mbaazi kabla ya soko, na kifutu alikuwa amelala kwenye majani makavu. Nikauliza, bado nimegeuka, "Baiskeli, mwambie mama ameumwa wapi."

"Mguuni. Nimeshafunga kitambaa."

"Mwambie mama hakuna mtu. Wote wameenda sokoni."

Ilikuwa kweli. Baba mkwe alikuwa ameshafariki, shemeji yuko Mombasa kazini, majirani wote walikuwa wametoka na punda wao alfajiri. Mwikali alikuwa juu na watoto wetu wawili, na hata angekuja asingeweza kukubeba maili sita.

"Basi aende sokoni alete wanaume na machela," ukasema.

Mimi ni mtu wa hesabu za mizani. Nilihesabu kwenda, kuwatafuta, kurudi kwa miguu, kwenda tena. "Baiskeli, mwambie mama jua litakuwa utosini kabla hajafika zahanati."

"Mwambie nitakufa na heshima yangu."

"Mwambie mama, na mimi nitamwambia nini binti yake?"

 Nilisikia pumzi yako tu, fupi fupi. Nilikuwa nimeshika usukani kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Nikafikiri: nikigeuka, nimevunja. Nisipogeuka, nimeua. Sikujua ningefanya nini, na mpaka leo sijui ningefanya nini, kwa sababu wewe ndiye uliyenitoa.

"Baiskeli," ukasema. "Si huwa unabeba magunia?"

"Hata mawili, mama," nikajibu. Moja kwa moja, bila baiskeli. Nikajiuma ulimi.

"Sijasema na mtu," ukasema kwa ukali, na huo ukali ulinipa moyo. "Baiskeli, leo kuna gunia moja la mbaazi hapa. Mwambie mwenyewe alipeleke."

Nilipogeuka, sikumwona mama mkwe. Ulikuwa umejifunika leso mbili kutoka kichwani mpaka magotini, umezifunga kwa ndani, umejikunja. Mguu mmoja tu ulionekana, umevimba, unang'aa. Nikainua gunia. Sitasema lilikuwa na uzito gani. Nikaliweka kwenye keria, nikalifunga na vile vipande vya mpira wa blada ninavyofungia mizigo, mara mbili kiunoni na mara moja kwenye tandiko, nikaanza kuteremka. Gunia halikusema neno njia nzima. Kwenye mchanga wa mto, tulipoyumba, lilitoa sauti moja tu, nikasema kwa sauti kubwa, "Baiskeli, vumilia."

Kufika mjini, nikakumbuka njia ya nyuma. Kalvati. Pale lazima ushushe mzigo, uinue baiskeli, uiname. Kwa gunia lile haikuwezekana. Njia niliyoitengeneza kwa miaka minne ili nisikutane nawe ndiyo siku ile ilikuwa imefungwa kwetu wote wawili. Ilibaki ile iliyonyooka, katikati ya soko, mbele ya kila mtu anayekujua.

Niliingia nikisukuma, kichwa chini. Nilikuwa nimefika kwenye mstari wa mboga geti likashuka. Treni ya mizigo ilikuwa inatoka upande wa Mombasa. Nikasimama. Mahali pako pa tatu kutoka kwenye nguzo palikuwa wazi, na mimi nimesimama mbele yake, na wewe nyuma yangu kwenye keria.

"Karani!" akaita Mama Mutuku, jirani yako wa nyanya, yule mwenye mdomo. "Leo umepotea njia? Umebeba nini?"

"Gunia la mbaazi."

"Ati mbaazi. Mbaazi zinavaa leso siku hizi?"

Watu wakaanza kucheka. Halafu akauona mguu. Nilimwona akiutazama, akakutazama wewe, akanitazama mimi, akatazama mahali pako patupu. Kicheko kikamkatika.

"Geukeni," akasema.

"Kuna nini?" mwingine akauliza.

"Nimesema geukeni, nyinyi! Hamna nyanya za kuangalia?"

Wakageuka. Mstari wote, wanawake zaidi ya ishirini, mmoja baada ya mwingine, na wateja wao, na mwenye duka akaingia ndani, na wanaume wa punda wakageuza punda na wao wenyewe. Treni ikapita, mabehewa na mabehewa, na katika soko lote hapakuwa na uso hata mmoja, ni migongo tu. Sijawahi kuona kitu kama kile, na sijui hata kama nina haki ya kusema nilikiona. Geti lilipopanda, makapu ya mboga yalikuwa yameshasogezwa, njia iko wazi mpaka upande wa pili.

Zahanati walikudunga sindano, halafu gari likakupeleka hospitali. Ulirudi baada ya wiki tatu, unachechemea, lakini mzima.

Sasa desturi ina dawa yake. Mkwe akimgusa mama mkwe, analeta mbuzi na blanketi, kosa linaisha, na hata ile nthoni yenyewe inaweza kufunguliwa, wawili hao wakasalimiana kama watu wengine. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilichagua mbuzi mwenyewe, dume jeupe. Nikamtuma mjomba wangu. Nilikuwa nimeshapanga salamu nitakayokusalimia.

Mjomba alirudi jioni, na mbuzi nyuma yake.

"Amekataa," akasema. "Anauliza mbuzi ni wa kosa gani. Anasema gunia lilipelekwa mjini, na kama kuna mtu aliyeona kitu kingine aletwe. Nimepita sokoni kuuliza. Yule wa nyanya ameniambia siku ile alikuwa anaangalia nyanya. Wote wanasema walikuwa wanaangalia nyanya. Hata anayeuza ndizi."

Kwa hivyo hapakuwa na kosa, na kwa kuwa hapakuwa na kosa hapakuwa na mbuzi, na kwa kuwa hapakuwa na mbuzi hatungeweza kusalimiana. Hilo nililielewa. Lililoniumiza ni jingine. Asubuhi iliyofuata nilipiga kengele mara mbili. Ukakohoa. Nikashuka, nikageuka, ukapita. Nikangoja neno la baiskeli. Hukusema kitu. Wala kesho yake. Wala mwezi ule, wala mwaka ule. Kwa miaka kumi na saba iliyobaki ulikohoa tu. Nikaandika: *Hasemi na baiskeli tena.* Na chini yake: *Je, nilikosea?*

Mara moja tu nilidhani nimepata jibu. Mwaka 1988 binti yetu wa pili, yule aliyepewa jina lako, ambaye mimi humwita Mama kwa sababu jina lenyewe haliwezi kutoka mdomoni mwangu, alianza kupanda baiskeli yangu kwenda shule ya sekondari. Wanawake wa kanisa walikuja kwako kulalamika: msichana juu ya baiskeli, mbele za watu! Mwikali alikuwapo. Alinisimulia kwamba uliendelea kupepeta kunde, halafu ukasema, "Mbona magunia hupanda kila siku, na sijasikia mtu akiyalalamikia?" Nilicheka nikaandika. Lakini usiku huo bado sikujua kama ulisema kwa uchungu ama kwa mzaha. Mtu aliyenyamaza ni vigumu kumsoma.

Basi, wiki hii, shajara. Mimi huandika kila pancha: siku, mahali, aina ya mwiba. Mpima ardhi alitaka njia ya mjini, lakini kidole changu kilipita kwenye kurasa nikaona kitu kwenye mteremko wetu, kati ya kona na mto wa mchanga. Mwaka 1972, pancha sita. Mwaka 1973, tano. Mwaka 1974, nne mpaka mwezi wa nane. Halafu hakuna. Nikafungua 1975, hakuna. 1980, hakuna. Nilipata pancha mjini, nilipata barabarani, nilipata hata kanisani. Kwenye mteremko, chini ya migunga ile ile inayomwaga miiba kila msimu, miaka kumi na saba, hakuna. Nilikuwa nikiandika kwamba tairi za siku hizi ni nzuri.

Halafu 1991, wiki tuliyokuzika: pancha mbili, Jumanne na Alhamisi. Wiki iliyofuata, tatu.

Nilikaa na shajara magotini mpaka chai ikapoa. Nikamwita Mwikali.

"Mama yako alikuwa anafanya nini alfajiri, kabla sijateremka?"

Akaendelea kuchambua mchele. "Alikuwa anafagia."

"Uwanja?"

"Njia. Kutoka kwenye kona mpaka mtoni. Na tawi. Na mguu ule wake."

"Kila siku?"

"Kila siku unayokwenda kazini. Kwa nini kila asubuhi alikuwa palepale anakohoa, unafikiri? Alikuwa anamaliza."

"Mwikali. Ulijua, na hukuniambia?"

"Nani alikuwa ameona?" akasema, na akanitazama. "Mimi nilikuwa naangalia nyanya."

Nikamwuliza basi lile la pili, lililokuwa limenikaa. Kama hukuwa na hasira, kwa nini uliacha kusema na baiskeli? Ilikuwa na kosa gani? Hapo Mwikali aliweka ungo chini akacheka, akafuta machozi na upindo wa leso, akacheka tena.

"Na mimi nilimwuliza," akasema. "Akanishangaa kama mtoto mjinga. Akaniambia, 'Nitasemaje nayo? Si imenibeba? Ile nayo sasa ni mkwe.'"

Mama mkwe, nimeishi na mizani maisha yangu yote na sijawahi kukosea uzito kiasi hiki. Nilidhani umetutupa, kumbe ulikuwa umetupandisha cheo sisi sote wawili, mimi na chuma changu. Na mimi kwa miaka kumi na saba niliteremka juu ya kazi ya mkono wako nikijisifia tairi.

Mpima ardhi anarudi kesho. Ananiambia njia ya nyuma itapewa upana wa futi ishirini na itaingia kwenye ramani, kwa sababu baiskeli nyingi zinapita huko, na sasa kuna kinu cha posho na mafundi wawili wa baiskeli, na vijana wanaobeba abiria kwa pesa, na wanawake pia wanapita, wamepanda. Nitamweleza ilivyoanza. Lakini njia ya mteremkoni haimo kwenye ramani yake, ni ya kijijini. Hiyo nitaishughulikia mwenyewe. Binti yetu, mwenye jina lako, ni muuguzi sasa kwenye zahanati ile ile, na hushuka hapo kila asubuhi kwa baiskeli yake. Kwenye kona hupiga kengele mara mbili. Nilimwuliza kwa nini, akasema hajui, ndivyo alivyonisikia nikipiga. Tangu Alhamisi naamka kabla yake. Tawi la mgunga halifai, linaongeza miiba. Sijui wewe ulitumia la nini. Nimejaribu la mwarobaini, linafaa.

Sasa nimesema nawe moja kwa moja, kurasa hizi zote, na najua nimevunja. Mbuzi wa kosa hili nitampeleka wapi? Nafikiri utasema hukusoma kitu, ulikuwa unaangalia mbaazi zako. Basi na iwe hivyo. Baiskeli, mwambie mama asante. Kengele nimepiga, nimeshuka, nimegeuza mgongo, na njia imefagiwa. Pita, Mama.

Mkweo,
mwenye baiskeli